Parokia Imsomeshe Mnasihi

Katika parokia zetu kuna jibu moja linalotolewa kwa kila tatizo lililotushinda: "Kamwone padre." Mama ambaye mume wake ameanza kunywa na kupiga anaambiwa akamwone padre. Kijana aliyefeli kidato cha nne na kujifungia chumbani wiki tatu, wazazi wake wanaambiwa wampeleke kwa padre. Binti anayeteswa na jambo alilofanyiwa na ndugu wa ukoo akiwa mtoto, akibahatika kupata mtu wa kumwambia, naye anaelekezwa huko huko. Jibu hilo silidharau. Watu huenda kwa padre kwa sababu wanamwamini, na kuaminiwa huko ni hazina ya Kanisa. Lakini sisi tunaojiandaa kuwa hao mapadre tunapaswa kujiuliza mapema, kabla ya daraja: padre huyo amefundishwa afanye nini na mama yule, kijana yule na binti yule?

Maoni yangu ni haya. Kila parokia kubwa, au walau kila dekania, imtafute mtu mmoja mwenye karama hiyo, awe mlei, mtawa au padre, imsaidie kuomba nafasi na kusoma shahada ya uzamili ya unasihi, kisha ipokee kazi yake kama utume halisi wa Kanisa. Na yule anayetaka kuomba nafasi hiyo ajue vizuri anaomba nini.

Neno linalotuchanganya

Wengi wetu tulilifahamu neno "ushauri nasaha" kupitia mapambano dhidi ya UKIMWI. Liliandikwa kwenye vibao vya vituo vya kupima. Ukiingia unakalishwa, unaelezwa, unachukuliwa damu, unaelezwa tena. Likabaki masikioni mwetu kama maneno yanayotangulia sindano.

Neno lenyewe nalo lina uzito wake. Katika Kiswahili cha kila siku, mshauri ni mtu anayejua, naye anakuambia la kufanya. Nasaha ni maonyo mema ya mkubwa kwa mdogo. Tukiyaweka maneno hayo pamoja tunapata picha ya mzee mwenye busara anayeongea huku mwenye shida ameinamisha kichwa akiitikia "ndiyo baba". Katika unasihi wa kitaalamu, anayeongea zaidi ni mwenye shida. Mnasihi anasikiliza, anauliza, anamrudishia mwenzake maneno yake ili ayasikie upya, na anamsaidia kuona njia ambayo ataweza kuitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa sekondari. Kwa miaka sita shule ilimkabidhi pia malezi ya wasichana, kazi ambayo aghalabu hupewa mwalimu mwenye sura ya upole, na mafunzo aliyopata yalikuwa semina ya siku mbili. Mwaka jana aliomba nafasi ya uzamili katika unasihi, mwaka huu ameanza. Kwenye kikao cha familia mjomba wetu aliuliza kwa nini mtu mzima alipe ada ya miaka miwili ili akafundishwe kuongea. Dada akamjibu kwa heshima, "Mjomba, nakwenda kufundishwa kunyamaza." Na ndivyo ilivyo. Darasani kwao wanafanya mazoezi watatu watatu: mmoja anaeleza jambo lake, wa pili anasikiliza, wa tatu anatazama na kuandika. Katika zoezi la kwanza mwalimu alimsimamisha dada kabla dakika tano hazijaisha, kwa sababu alikwisha kutoa ushauri mara tatu.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Marafiki wa Ayubu walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Hapo walifanya vema. Walianza kuharibu walipofungua midomo kumweleza kwa nini anateseka. Naye nabii Eliya alipokaa chini ya mti akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale, kwa sababu safari ilikuwa ndefu.

Mlango wa pili karibu na kitubio

Mtu anaweza kusema: tayari tuna sakramenti ya Upatanisho, tuna na maelekezo ya kiroho, ya nini kuongeza mtu mwingine? Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Kitubio ni kwa ajili ya dhambi na msamaha. Mtu anakuja na alichokitenda, anaondoka amesamehewa. Lakini wengi wanaopiga magoti pale wanakuja na kitu walichotendewa. Binti niliyemtaja hapo juu mara nyingi ataliungama jambo lile kana kwamba ni kosa lake. Muungamishi mwema atamwambia kwamba hana hatia. Je, baada ya hapo? Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inasema siri ya kitubio haivunjwi kwa namna yoyote wala kwa sababu yoyote, na padre anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa kwa tendo lenyewe. Muungamishi hawezi kwenda kwa mama wa binti. Hawezi kwenda polisi. Hawezi hata kumwita binti pembeni baada ya Misa na kuyaanzisha mazungumzo yale yeye mwenyewe. Anachoweza ni kumtia moyo, mle mle ndani, akamwambie mtu nje ya kitubio.

Akamwambie nani? Kama nje ya kitubio hakuna mtu aliyeandaliwa, maneno hayo ya muungamishi yanabaki hewani na binti anarudi nyumba ile ile.

Mnasihi naye hutunza siri, na asiyeweza kutunza siri hafai kabisa kazi hii. Lakini siri yake ina mipaka, na humweleza mtu mipaka hiyo siku ya kwanza kabla hawajaanza: maisha yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anaumizwa, hatanyamaza. Hapa nchini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mnasihi anaweza kulitimiza hilo. Anaweza kuandika kumbukumbu za mazungumzo, kupanga siku ya kuonana tena, kumpeleka mtu hospitali akiona ugonjwa unaohitaji daktari. Muungamishi hana hata moja ya zana hizo, wala hapaswi kuzitamani. Kwa hiyo unasihi hauinyang'anyi sakramenti chochote. Unaiachia ibaki sakramenti, na unampa muungamishi mahali pa kumwelekeza mtu.

Kwa sababu hiyo hiyo nasema tusimfikirie padre peke yake. Padre aliyesomea unasihi ni baraka kwa jimbo. Ila mtu yule yule akiwa muungamishi wako Jumamosi na mnasihi wako Jumanne, itakuwa vigumu kwake na kwako kujua nini kilisemwa wapi. Mlei au mtawa aliyesoma hana mgongano huo. Tena ziko habari ambazo mama angependa kumwambia mama mwenzake.

Pingamizi tatu ninazozisikia

La kwanza: "Wazee wetu hawakusoma unasihi na waliishi." Ni kweli. Walikuwa na shangazi, somo, babu, na baraza la ukoo, na hekima hiyo hakuna chuo kinachoweza kuifuta. Lakini leo kijana amepanga chumba kimoja mjini, shangazi yuko mbali, na simu ya dakika tatu haitoshi kueleza. Zaidi ya hapo, yako majeraha ambayo ukoo wenyewe ndio uliyatia. Huwezi kumpeleka mtoto kulalamika kwenye baraza ambalo mwenyekiti wake ndiye mshitakiwa.

La pili: "Mwenye imani hahitaji mambo hayo, asali tu." Mtakatifu Thomas wa Akwino hakufikiri hivyo. Katika Summa yake, sehemu ile inayohusu tamaa na hisia za binadamu, anauliza ni dawa gani zinapunguza huzuni. Anataja kutafakari ukweli, kama tunavyotarajia kwa mwanafalsafa. Lakini anataja pia machozi, huruma ya marafiki, hata usingizi na kuoga. Kuhusu machozi anaeleza kwamba kilichofungiwa ndani huumiza zaidi, na kikipata njia ya kutoka uchungu hupungua. Kuhusu marafiki anasema mwenye huzuni akiwaona wengine wakihuzunika naye huona mzigo kama umegawanywa, na zaidi ya hilo anatambua kwamba anapendwa. Mtakatifu huyo alijua kwamba neema haidharau maumbile. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifuata njia hiyo mwaka 1965: hati ya Gaudium et Spes inataka uchungaji utumie pia matunda ya sayansi za kibinadamu, na inaitaja saikolojia kwa jina.

La tatu ni fedha, na hili ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini ingawa ndilo lenye nguvu. Shahada ya uzamili ni ghali. Lakini tuangalie tunavyochanga. Kamati ya harusi hukaa miezi mitatu ikigawa kadi na kufuatilia ahadi, ikikusanya mamilioni kwa ajili ya jioni moja. Ndoa hiyo hiyo ikiyumba mwaka wa pili haina kamati. Majimbo yetu, kwa haki kabisa, huwapeleka mapadre kusomea Sheria za Kanisa ili wahudumu katika mahakama za ndoa. Ndoa nyingi zinapofika mahakamani huwa zimekwisha kuvunjika nyumbani. Kwa nini tusimsomeshe pia yule ambaye angekutana na wawili hao miaka mitano kabla? Kanisa limekwisha kuwekeza katika elimu hii kwingineko: Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana mjini Roma kina taasisi ya saikolojia iliyoanzishwa mwaka 1971 na Mjesuiti Luigi Rulla, na walezi wa seminari na nyumba za kitawa kutoka nchi nyingi wamesoma pale.

Kwa anayejaza fomu

Huenda unayesoma hapa ni mwalimu, katekista, muuguzi, mtawa, au mwana VIWAWA mwenye shahada ya kwanza, na umekuwa ukiwaza jambo hili. Nina mambo manne ya kukuambia, mengi nimeyapata kwa kumfuatilia dada akiomba nafasi.

Kwanza, barua ya kueleza nia yako usiiandike kwa sentensi moja kwamba unapenda kusaidia watu. Kila mwombaji anaandika hivyo. Eleza ni watu gani, uliwakuta wapi, uliwafanyia nini, na ni wapi hasa uliona ujuzi wako umefika mwisho. Kwenye usaili usishangae ukiulizwa kuhusu maisha yako kuliko kuhusu vitabu. Wanataka kujua kama unayafahamu majeraha yako, kwa sababu usiyoyafahamu utawabebesha wengine.

Pili, usiende chuoni kujitibu kwa siri. Kinyozi hajinyoi. Mafunzo mazuri humtaka mwanafunzi naye akae kwenye kiti cha mwenye shida, mbele ya mnasihi wake mwenyewe, na miezi ya kwanza huweza kumtikisa mtu. Dada aliniambia kwamba katika muhula wa kwanza alimlilia baba yetu, aliyefariki zaidi ya miaka kumi iliyopita, kuliko alivyolia siku ya mazishi.

Tatu, ulizia chuo kabla ya kulipa. Mafunzo kwa vitendo yapo? Nani anamsimamia mwanafunzi anapoanza kukutana na watu wenye shida halisi? Shahada inatambuliwa na TCU? Ukisomea nje ya nchi, utahitaji TCU iitambue ukirudi. Wenzetu wa Kenya walitunga sheria ya wanasihi na wanasaikolojia mwaka 2014, inayotaka watu wa taaluma hiyo wasajiliwe. Wameona kwamba anayegusa roho ya mtu anaweza kuumiza kama anayegusa mwili wake. Cheti cha semina ya mwisho wa juma kina faida yake, lakini kisikufanye uandike "mnasihi" mlangoni.

Nne, kama parokia inakusaidia, mkubaliane kwa maandishi juu ya siku utakayomaliza: utakuwa na chumba gani, saa zipi, na malipo gani. Mlei ana watoto wanaokula na kusoma. "Mungu atakulipa" ni sala nzuri, lakini haifai kuwa mkataba wa kazi.

Na kuhusu imani yako, usiogope darasa. Utakutana na Freud, aliyeiona dini kama tamanio la mtoto anayemtafuta baba. Utakutana na Carl Rogers, aliyesoma miaka miwili katika seminari ya Kiprotestanti ya Union kule New York kabla ya kuhamia saikolojia, na ambaye alimwamini mwanadamu kiasi kwamba nafasi ya dhambi ni ngumu kuiona katika mawazo yake. Wasome kwa makini, chukua kilicho cha kweli, pima kilichobaki. Kisha usimsahau Edith Stein, Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba. Kabla hajawa Mkatoliki aliandika tasnifu yake ya udaktari chini ya Husserl, mwaka 1916, juu ya namna mtu anavyoweza kuyafikia yanayotendeka moyoni mwa mwingine. Anatufundisha kwamba ninaweza kuutambua uchungu wako kama uchungu kweli, huku ukibaki kuwa wako. Mnasihi anayedai "najua kabisa unavyojisikia" amevuka mpaka huo.

Kwa mafrateri wenzangu

Miongoni mwetu kuna msemo kwamba frateri anayependa saikolojia anajitengenezea mlango wa kutokea. Naomba tuuache. Wako watakaoondoka seminarini baada ya kutambua kwamba wito wao ni mwingine, na mmoja wao akiwa mnasihi mlei katika parokia yake, Kanisa halijapoteza kitu. Wako pia watakaobaki na kupewa daraja, nao watahitaji angalau kujua mahali ujuzi wao unapoishia. Hilo nalo ni elimu.

Kuna hofu nyingine tunayoizungumza usiku tu: kwamba frateri akionekana kwa mnasihi, jina lake limekwisha kuandikwa vibaya. Mwongozo wa Idara ya Elimu Katoliki ya Vatikano wa tarehe 29 Juni 2008, kuhusu matumizi ya saikolojia katika malezi ya mapadre, unasisitiza kwamba mtahiniwa hawezi kulazimishwa. Lazima atoe ridhaa yake ya wazi na huru, na kanuni ya 220 inalinda haki ya kila mtu ya kutoingiliwa faragha yake. Mwongozo huo pia unawaachia walezi kazi ya kupambanua wito. Mtaalamu ni msaidizi wao. Tukiujua vizuri, tutaacha kumwogopa mnasihi kama mpelelezi. Na ambaye hajawahi kumfungulia mtu moyo wake atawezaje, miaka saba ijayo, kumwomba muumini amfungulie wake?

Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watu zaidi ya 700,000 duniani hufa kwa kujiua. Wengi wa watu hao wana majirani, wana ndugu, na wengine wana jumuiya ndogo ndogo inayosali nyumbani kwao kila wiki. Sidai kwamba mnasihi mmoja parokiani angewaokoa wote. Nasema tu kwamba mtu anayezama anahitaji kuona ni mlango gani agonge, na kwamba aliye nyuma ya mlango awe anajua la kufanya.

Halmashauri za walei zitakapokaa kupanga bajeti ya mwaka, naomba agenda hii iwekwe. Waangalie ni nani katika vigango vyao ambaye watu humwendea tayari, mchana na usiku, bila kutangazwa. Wamwite, wamuulize kama angependa kusoma. Wamlipie ada ya muhula wa kwanza, paroko amwandikie barua ya utambulisho, na wakati yeye yuko chuoni wao watafute chumba parokiani chenye viti viwili na mlango unaofungwa vizuri.